Kuyapa Meko Sura Mpya: Mafiga, Vigae na Mbao katika Nyumba za Gesima

Utangulizi

Gesima ni wadi ya eneo la Masaba Kaskazini, Kaunti ya Nyamira. Ni nchi ya vilima. Mashamba madogo ya chai, migomba na mikaratusi yameshonana hadi kandokando ya nyumba, na mvua ni nyingi, zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka. Katika miezi ya Juni na Julai baridi huingia mapema jioni na hukawia kuondoka asubuhi. Mahali kama hapa moto haukuwahi kuwa chombo cha mpishi peke yake. Moto ulipika, watu wakauota. Ulikausha nguo zilizolowa shambani na kuni zilizokatwa zikiwa mbichi. Na usiku ulipoingia, ulikuwa ndio taa.

Nyumba za udongo zinapozipisha nyumba za matofali na mawe, meko nayo hubadilika. Sakafu ikishapigwa vigae, mafiga matatu yaliyojaa masizi huonekana kama mgeni asiyealikwa. Ndipo mwenye nyumba anapoamua kuyafanyia ukarabati: anainua meko kutoka chini, anayajengea ukuta, anayabandika vigae na kuyazungushia mbao zilizopigwa randa na vanishi. Makala haya yanakusudia kueleza ukarabati huo: namna unavyofanywa, unachobadilisha, na sababu ya baadhi ya meko mapya kupendeza machoni huku yakiwaumiza wanaoyatumia. Hoja inayoongoza ni kwamba meko ni njia ya moshi na joto kabla hayajawa pambo, na kwamba vigae na mbao huja baada ya njia hiyo kukamilika.

Neno na Kitu

Si vibaya kuanza na maneno, maana yamehifadhi mambo ambayo fundi wa leo hana muda wa kuyakumbuka. Katika Kiswahili, neno jiko hutaja chombo cha kupikia, hutaja chumba cha kupikia, na katika usemi wa kupata jiko hutaja mke. Meko ni mahali pale moto unapokokwa. Figa, au jifya kama wasemavyo wengine, ni moja kati ya mawe matatu yanayobeba chungu, na ndilo lililozaa methali isemayo kuwa jifya moja haliinjiki chungu.

Ekegusii kina maneno yaliyo ndugu wa karibu wa haya: riiko kwa jiko, na riiga, wingi wake amaiga, kwa figa. Ajabu ni kwamba riiga hilohilo ni jina la kitengo cha ukoo. Abagusii walipotaka kutaja tawi la watu waliotokana na babu mmoja, walitumia jina la jiwe la jikoni. Katika boma la wake wengi kila mke alikuwa na nyumba yake na meko yake, na watoto walijuana kwa nyumba waliyolishwa. Kwa hiyo kuling'oa figa hakukuwa jambo la usafi tu. Mzee wa Gesima anayenung'unika anapoyaona mawe yale yakitupwa nyuma ya nyumba hanung'uniki kwa kuwa hapendi maendeleo. Lugha yake imemfundisha kuwa jiwe lile ni jina la watu.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mafiga yana utakatifu unaozuia kuguswa. Yaliguswa siku zote. Wanawake waliyakandika kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, wakapaka sakafu inayoyazunguka, wakarudia kila udongo ulipopasuka. Ukarabati wa meko si jambo lililoletwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kilicholetwa na duka ni vifaa vipya, na vifaa vipya vina masharti yake.

Moshi Uliokuwa na Kazi

Nyumba ya kale ya nyasi haikuwa na dohani, na haikuwa hivyo kwa ujinga. Moshi ulipanda polepole ukapenya kwenye paa, na njiani ulifanya kazi. Ulizikausha nyasi za paa, ukawafukuza wadudu walao miti ya kenchi, na ukahifadhi mbegu za mahindi na wimbi zilizowekwa kwenye dari juu ya moto ili zisitobolewe na fukusi. Mabati yalipochukua nafasi ya nyasi, moshi ulipoteza sehemu kubwa ya kazi yake lakini haukuondoka. Uligonga bati, ukarudi chini, ukajaa chumbani kwa kiwango cha macho ya mtu aliyeketi. Nyumba ilipata paa la kisasa ikabaki na moto wa paa la nyasi.

Athari zake zinajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 uchafuzi wa hewa ya majumbani, utokanao hasa na kupikia kwa kuni, makaa, samadi na mafuta ya taa, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wanaovuta moshi huo kwa muda mrefu zaidi ni yule anayepika na yule aliyebebwa mgongoni mwake.

Je, dohani husaidia? Katika nyanda za juu za Guatemala, nchi ya baridi na kuni kama ilivyo Gesima, familia zilizokuwa zikipikia moto wa wazi zilijengewa majiko yenye dohani, na afya ya watoto wachanga wao ikalinganishwa na ya watoto wa familia zilizobaki na moto wa wazi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2011. Hewa ya sumu iliyowafikia watoto ilipungua kwa nusu hivi, na nimonia kali ilipungua kwa takriban theluthi moja, ijapokuwa upungufu wa nimonia kwa jumla haukuwa mkubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu. Kwa maneno mengine, dohani husaidia lakini haimalizi kazi. Moshi mwingine hutoka kwenye mlango wa jiko, mwingine hurudi kwa dirisha la jirani.

Nchini Kenya juhudi za kuyaboresha majiko ya kuni zilishika kasi katika miaka ya 1980, wakati Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la Ujerumani la GTZ walipoeneza jiko lililokuja kuitwa Maendeleo, na baadaye Upesi au jiko kisasa. Ni pipa fupi la udongo wa kuchoma lenye mlango mmoja wa kuni, linalojengewa kwa udongo na mawe ili joto lisipotee. Jiko hili hupunguza kuni, na kwa sababu hiyo hupunguza moshi, lakini kwa asili yake halina dohani. Jambo hili linastahili kutajwa kwa kuwa mafundi wengi hulichukua jiko kisasa, wakalizungushia vigae vyeupe, wakaliacha bila tundu la moshi. Baada ya muhula mmoja wa shule vigae vile huwa vimepata rangi ya chai.

Dohani Kwanza

Inafaa kutenganisha aina mbili za meko ambazo watu wa Gesima huzichanganya chini ya jina moja. Ya kwanza ni meko ya jikoni, ya kupikia. Ya pili ni meko ya sebuleni, yaliyochimbwa ndani ya ukuta kwa ajili ya kuota moto. Haya ya pili yana historia fupi katika sehemu hii. Borabu, iliyo jirani na Masaba, ilikuwa sehemu ya ardhi ya walowezi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipogawiwa wakulima Waafrika katika mpango wa makazi. Nyumba za walowezi katika nyanda za juu za Kenya zilikuwa na kawaida ya kujengwa na meko ya ukutani na dohani ya matofali iliyotokeza juu ya paa. Waliorithi nyumba za namna hiyo, na waliozitazama kwa mbali, walipata mfano wa kuiga.

Kinachoigwa kwa urahisi ni umbo. Kisichoonekana ni hesabu. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alichapisha maelezo ya kurekebisha meko ya nyumba za London zilizokuwa zikijaa moshi. Aliyafanya meko kuwa na kina kifupi, kuta za pembeni akaziinamisha zitazame nje ili zirushe joto chumbani, na koo la dohani akalibana ili moshi upande kwa kasi. Miaka zaidi ya 200 baadaye kanuni hizo bado ni za kweli. Mlango wa meko ukiwa mpana mno kuliko tundu la dohani, moshi hukosa nguvu ya kupanda. Mafundi hutumia kipimo cha kwamba eneo la tundu la dohani liwe karibu sehemu moja ya kumi ya eneo la mlango wa meko. Mlango wenye upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 60 una sentimita za mraba 4,200. Dohani yake basi isipungue sentimita za mraba 420 hivi, yaani bomba la duara lenye kipenyo cha takriban sentimita 23. Bomba jembamba la mabati, la kipenyo cha sentimita 10, halitoshi hata likipakwa rangi ya fedha.

Kimo nacho kina kanuni. Dohani inapotoka kwenye paa iendelee juu kwa sentimita 90 angalau, na ipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kutoka kwake, kiwe kilele cha paa au ukuta wa jirani. Ikiwa fupi kuliko hapo, upepo unaovuka kilele huusukuma moshi urudi chini. Katika nyumba za vilimani, ambako boma moja liko juu ya jingine, upepo wa mteremko hubadilika kati ya mchana na usiku, na dohani iliyovuta vizuri saa nane mchana huweza kutapika moshi saa mbili usiku.

Kuna hatari nyingine iliyo kimya zaidi. Baadhi ya meko ya sebuleni hujengwa bila dohani kabisa, yawe kama fremu ya mapambo, kisha ndani yake huwekwa jiko la makaa usiku wa baridi. Makaa hayatoi moshi mwingi, hivyo watu hudhani hayana madhara. Wanafunga madirisha na kulala. Makaa yanayoungua katika hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Mtu haamki akikohoa. Haamki. Fremu nzuri ya vigae na mbao isiyo na dohani ni mwaliko wa jambo hilo, na fundi mwaminifu ama huijengea dohani ama huiziba isiweze kuwekwa moto.

Vigae na Jiwe la Tabaka

Neno kigae lina kisa chake. Kabla halijawa jina la kibamba cha kung'aa kinachouzwa kwa katoni, kigae kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika. Mtu aliyezimikiwa na moto alichukua kigae akaenda kwa jirani kupalia makaa. Basi kigae na moto ni marafiki wa zamani, na rafiki yule wa zamani aliuvumilia moto vizuri kwa kuwa alikwisha kupikiwa juu yake kwa miaka. Kigae cha dukani hakina historia hiyo. Kimechomwa kiwandani, ni kweli, lakini kimetengenezwa kwa ajili ya sakafu na ukuta wa bafu, na udhaifu wake mara nyingi hauko katika kigae chenyewe bali katika kinachokishika. Gundi ya kawaida na saruji hudhoofika zinapochomwa tena na tena. Kigae na ukuta hutanuka kwa viwango tofauti. Na baada ya majuma machache kigae hulia kama ngoma kikigongwa, kisha huanguka.

Kwa hiyo ndani ya tumbo la meko, pale miali inapogusa, vigae havina kazi. Sehemu hiyo hujengwa kwa matofali ya kustahimili moto yaliyounganishwa kwa udongo wa kustahimili moto au, kama havipatikani, kwa matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri na udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Vigae hukaa usoni mwa meko na kwenye sakafu ya mbele. Kati ya kigae na kigae huachwa nafasi ya milimita tatu au zaidi ili joto lipate mahali pa kuvitanua, na kijazo cha nafasi hizo kiwe cha rangi ya kijivu au nyeusi. Kijazo cheupe karibu na kuni ni tegemeo la muda mfupi sana. Sakafu ya mbele isiyoungua itokeze angalau sentimita 40 kutoka mlangoni mwa meko, na sentimita 20 kila upande, kwa maana kuni za mkaratusi zina tabia ya kuruka cheche.

Lakini kwa nini mtu wa Gusii asafirishe vigae kutoka mbali ilhali Tabaka iko katika Kaunti jirani ya Kisii? Machimbo ya jiwe la sabuni ya Tabaka, Mugirango Kusini, yanajulikana duniani kwa vinyago, sahani na sanduku ndogo ambazo watalii hununua. Si wengi wanaokumbuka kuwa jiwe hilohilo ni miongoni mwa mawe bora ya kujengea meko. Jiwe la sabuni lina madini mengi ya talki. Haliungui, halipasuki kirahisi kwa joto, na lina sifa ya kulihifadhi joto na kulitoa polepole; moto ukizimika, ukuta wake huendelea kuwapasha watu kwa saa kadhaa. Wafini wameligeuza kuwa biashara kubwa: katika mji wa Juuka, mashariki mwa Ufini, kampuni ya Tulikivi hutengeneza majiko ya kuota moto ya jiwe la sabuni na kuyauza ng'ambo. Nchi ya theluji imelithamini jiwe kwa joto lake, na sisi wa nchi ya jiwe tumelithamini kwa umbo la twiga.

Jiwe hili nalo lina masharti. Talki ndiyo madini laini kuliko yote katika kipimo cha Mohs, nambari ya kwanza, na jiwe lenye talki nyingi huchubuka hata kwa ukucha. Halifai kuwa sakafu ya kukanyagwa. Linafaa usoni na kwenye kuta za pembeni, likikatwa vibamba vya unene wa sentimita mbili au tatu. Huchaguliwa lisilo na mishipa ya nyufa, na kibamba kimoja hujaribiwa kwanza karibu na moto kabla ya kununua vya kutosha, kwa kuwa machimbo yana jiwe la aina nyingi, jeupe, la waridi na la kijivu, na si kila aina huvumilia sawasawa. Kulikata na kulisugua kufanywe likiwa limeloweshwa maji. Vumbi lake likivutwa kwa miaka huharibu mapafu, na lingekuwa jambo la kuhuzunisha kumwokoa mpishi wa Gesima na moshi kwa kumwumiza mchongaji wa Tabaka. Jiwe la mto, kwa upande mwingine, lisitumike hata kidogo. Maji yaliyofungika ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe huweza kupasuka kwa kishindo.

Kosa moja la vigae hutokea jikoni pekee na halipatikani katika vitabu vya mafundi wa mijini. Ugali wa wimbi, obokima, husongwa kwa nguvu. Anayesonga huegemea mwiko kwa uzito wa mabega, na sufuria hutaka kuzunguka. Mafiga ya kale yaliinamiana ndani na uso wake ulikuwa mkwaruzo. Yaliibana sufuria kama vidole vitatu. Meko mapya yenye uso wa vigae laini huiacha sufuria iteleze, na maji yanayochemka humwagikia miguu ya msongaji au mtoto aliyeketi karibu. Dawa ni ndogo: vinundu vitatu vya udongo wa kuchoma au vyuma vitatu vilivyoinama, vikijengewa kuzunguka tundu la moto. Yaani amaiga yanarudi, kwa udogo, juu ya kigae.

Mbao

Kuhusu mbao maelezo yatakuwa mafupi, kwa kuwa sheria yake kuu ni moja: ikae mbali. Kanuni za ujenzi za Marekani, ambazo mafundi wa nchi nyingine huzitazama, hutaka mbao isikaribie mlango wa meko kwa chini ya sentimita 15. Kati ya hapo na sentimita 30 mbao iruhusiwe kutokeza kwa sehemu moja tu ya nane ya umbali wake kutoka mlangoni. Ikiwa umbali ni sentimita 24, basi isitokeze zaidi ya tatu. Rafu pana ya kuwekea picha za arusi hukaa juu ya sentimita 30. Kwenye paa, dohani ya matofali iachiwe nafasi ya sentimita tano kutoka kwenye mbao za kenchi, na bomba la bati la ukuta mmoja lihitaji nafasi kubwa zaidi, sentimita 45. Mbao inayopashwa joto kila siku kwa miaka hugeuka polepole ikawa rahisi kushika moto, hata kama haijawahi kuguswa na mwali. Nyumba haziungui siku ya kwanza.

Mti unaopatikana Gesima kwa wingi ni mkaratusi. Ni mti wa haraka, nao hulipiza kisasi cha haraka hiyo: ukipasuliwa mbichi na kupigiliwa karibu na moto hujipinda, hupasuka ncha, na misumari hutoka. Mbao zake zapaswa kupangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kwa miezi mingi kabla ya kuguswa na randa. Mgrivea hutulia zaidi na una mchoro mzuri wa nyuzi. Baada ya randa hufuata msasa, kwanza mkali kisha laini, halafu vanishi nyembamba mara mbili au tatu. Vanishi ya kung'aa sana huonyesha kila alama ya masizi na kidole, hivyo ile isiyong'aa ndiyo inayovumilika. Na kuni za kuchoma zinahitaji subira ileile: zikauke hadi unyevu wake uwe chini ya asilimia 20, kwa kuwa kuni mbichi hulipaka koo la dohani utomvu mweusi ambao siku moja huweza kushika moto.

Duara Lililokatwa

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanayajua meko kwa sababu nyingine. Ngano, vitendawili na nasaba zilisimuliwa pale baada ya chakula. Mafiga hukaa katikati, na watu huyazunguka. Fanani ni mmoja wa walio kwenye duara, akitazamwa na kutazama, na hadhira humdakia maneno kutoka pande zote. Meko ya ukutani hulikata duara hilo katikati. Watu hukaa nusu mwezi wakielekea ukutani, mabega kwa mabega, na hakuna anayeona uso wa mwenzake ila kwa kugeuza shingo. Ukaaji huo unafaa runinga kuliko ngano, na si ajabu kwamba runinga ndiyo inayotundikwa juu ya rafu ile. Joto huiharibu, kwa bahati nzuri au mbaya.

Si lazima iwe hivyo. Meko ya jikoni yaliyoinuliwa yanaweza kujengwa mbali na ukuta, dohani ikipandia katikati, na benchi la udongo likiyazunguka pande tatu. Katika sebule, viti vikipangwa kwa pembe na meko yakajengwa kwenye kona badala ya katikati ya ukuta, duara hurudi kwa kiasi.

Hapa ndipo swali la nani anaamua linapojitokeza. Aghalabu ukarabati hulipiwa na mwana anayefanya kazi mjini, hupangwa kwa simu, na hufanywa Desemba akiwa likizoni. Fundi huongea naye. Mama atakayepika hapo miezi kumi na mmoja iliyobaki huulizwa rangi ya vigae. Haulizwi kimo. Kwa hiyo meko huinuliwa kwa kimo cha meza ya mjini, sentimita 90, naye mwenye sufuria kubwa ya kulisha wachumaji chai analazimika kusonga ugali akiwa amenyanyua viwiko kufikia masikio. Kipimo sahihi hakimo katika kitabu. Hupatikana kwa kumsimamisha mpishi, kumpa mwiko mkononi, na kupima kutoka sakafuni hadi chini kidogo ya kiwiko, kisha kuondoa kimo cha sufuria anayoitumia kila siku. Kwa baadhi ya akina mama kipimo hicho huangukia sentimita 50, na kwa wengine, hasa wazee waliozoea kigoda, huangukia chini zaidi. Fundi asiyekubali kupima hivyo anajenga meko ya kupigiwa picha.

Vilevile mama ndiye ajuaye moshi ulikuwa ukifanya nini. Dohani ikishaufukuza, mbegu za msimu ujao hazitakuwa na kinga juu ya moto, nazo zitafutiwe mahali pengine, kwa mfano pipa lililofungwa hewa isipite, kabla ya mabati ya dari kung'olewa.

Moto wa Kwanza

Kazi ikiisha, shauku ya kukoka moto mkubwa jioni hiyohiyo huwa kubwa, hasa pakiwa na wageni. Udongo, saruji na gundi bado vina maji. Maji yakilazimishwa kutoka kwa ghafla hupasua kuta na kubandua vigae ambavyo vingedumu miaka. Meko huachwa yakauke kwa majuma mawili au matatu, madirisha yakiwa wazi, na katika msimu wa mvua ndefu hata mwezi mzima. Kisha hukokwa moto wa vijiti vichache kwa nusu saa. Kesho yake, saa moja. Siku ya tatu kuni mbili. Kila mara kiganja hupitishwa juu ya vigae kutafuta kilicholegea, na mtu mmoja hutoka nje kutazama kama moshi unapanda wima au unalalia bati. Ukilalia bati, dohani huongezwa kimo kabla ya jambo jingine lolote. Siku ya tano au ya sita, kama ukuta haujatoa ufa mpya, chungu huinjikwa.